Mafuta ya Maganda ya Machungwa: Yalikotoka, Yanavyonukia na Jinsi ya Kuyapata kwa Sufuria Yako Mwenyewe

Ukishuka stendi ya Moshi mchana wa jua, hupigi hatua nyingi kabla ya kupishana na toroli la machungwa. Kijana kashika kisu, anazungusha chungwa polepole, na ganda linateremka utepe mmoja mrefu wa kijani mpaka miguuni kwake. Ule utando mweupe wa ndani haugusi. Anauacha ili juisi isimchuruzike mteja mkononi. Okota utepe mmoja, uelekeze kwenye jua, uukunje kwa vidole viwili. Utaona manyunyu membamba yakiruka, na vidole vitang'aa na kunukia mpaka jioni. Mafuta ninayoyazungumzia hapa ni hayo. Karibu yote yamo kwenye ule utepe wa kijani, na kila siku yanaishia kwenye taka.

Mara ya kwanza nilipomwomba kijana mmoja maganda yake aliniuliza, "Mama, una mbuzi wangapi?" Nilipomwambia sina mbuzi, nataka kuyatoa mafuta, alinijazia kiroba bila kunidai hata shilingi. Nimeshayachemsha mara nyingi tangu hapo, nimeyaharibu mara kadhaa, na haya ndiyo niliyojifunza.

Tuelewane kwanza ni mafuta gani

Madukani yapo mafuta ya aina mbili yanayoitwa "mafuta ya machungwa", na tofauti yake ni kubwa. Aina ya kwanza ni mafuta ya nazi au alizeti yaliyolowekwa maganda. Hayo ni mafuta ya kupaka yenye harufu ya chungwa, hayana ubaya, ila si ninayoyasema. Aina ya pili ni mafuta yenyewe ya ganda: mepesi, yanaruka hewani kama spiriti, yanawaka moto haraka, na tone moja lina nguvu ya maganda mengi. Wengine huandika kwenye chupa "mafuta muhimu", jina linalomfanya mnunuzi adhani mwili unayahitaji kama chakula. Mwili hauyahitaji. Kwenye lugha za Ulaya neno lile lilikusudia kiini, yaani roho ya mmea. Mimi nayaita mafuta ya kunukia.

Jambo jingine wengi wanalikosea: mafuta haya hayana vitamini C. Vitamini imo kwenye juisi na nyama ya tunda, nayo huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Anayekuuzia chupa akisema inaongeza vitamini C hajui anachouza.

Yalikotoka

Jamii nzima ya machungwa ilianzia kwenye miteremko ya chini ya Himalaya, upande wa kaskazini mashariki mwa India, kaskazini mwa Myanmar na Yunnan nchini China. Chungwa tamu halikuwahi kuwa tunda la porini. Ni mtoto wa pomelo, lile tunda kubwa lenye ganda nene, na chenza. Danzi, lile chungwa chungu, nalo wazazi wake ni hao hao wawili. Limau ni mtoto wa danzi na tunda la kale liitwalo sitroni. Ukilijua hilo hushangai tena kwa nini harufu ya danzi na ya chungwa zinafanana kama ndugu huku tabia zao kwenye ngozi zikiwa tofauti kabisa, kama nitakavyoeleza chini.

Huku kwetu matunda haya yalifika kwa majahazi ya Bahari ya Hindi, na yalikuwepo zamani. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwaka 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Yaani Mreno aliyakuta pwani yetu. Leo machungwa mengi tunayokula Moshi na Arusha yanatoka Muheza, mkoani Tanga. Ganda lake hubaki kijani hata tunda likiwa limeiva na tamu, kwa sababu usiku wa kule hauna baridi ya kutosha kuiondoa ile rangi. Usimsikilize anayekuambia la kijani halifai.

Kwa wingi wa mafuta ya chungwa hakuna nchi inayoifikia Brazil. Kule machungwa hukamuliwa juisi kwa viwanda vikubwa, na mafuta hukusanywa kwenye mashine zile zile. Ndiyo maana mafuta ya chungwa ni rahisi kuliko karibu mafuta yote ya kunukia duniani, na chupa ndogo ya bei ya kutisha haina sababu.

Harufu

Zaidi ya sehemu tisini katika mia za mafuta haya ni kitu kimoja kiitwacho limonini. Lakini limonini peke yake inanukia kiupande tu, kama ganda lililosahauliwa juani. Kinachoifanya pua iseme "hili ni chungwa" ni vitu vidogo sana vilivyobaki. Vitu hivyo ni dhaifu mbele ya moto, na ndiyo maana mafuta yaliyokamuliwa kwa baridi yananukia kama ganda unalolimenya sasa hivi, na yaliyopatikana kwa mvuke yananukia zaidi kama peremende ya chungwa. Si mabaya, ila harufu hizo mbili hazifanani, na pua hujua.

Harufu hii hufika ya kwanza na kuondoka ya kwanza. Dondosha tone kwenye karatasi, urudi baada ya nusu saa: kimebaki kivuli tu. Ukitaka idumu, iunganishe na harufu nzito kama karafuu au mdalasini. Mchaichai nao huendana nayo vizuri. Kitu kinachoufanya mchaichai unukie limau ni sitrali, ambayo ndani ya mchaichai ni zaidi ya nusu ya mafuta yake, na ndani ya limau lenyewe ni kidogo tu.

Walivyoyatumia wa kale na wa kwetu

Wachina hukausha maganda ya chenza, wakayahifadhi miaka, wakayatia kwenye supu na dawa za tumbo lililojaa gesi. Sicilia na Calabria, kusini mwa Italia, wakamuaji walikandamiza maganda kwenye sponji kwa mkono, sponji ikilowa wakaikamulia bakulini. Mjini Köln, Ujerumani, Mwitaliano Johann Maria Farina, mwanzoni mwa karne ya 18, alitengeneza marashi mepesi yenye harufu ya jamii hii ya matunda, na jina la mji huo likawa jina la marashi ya aina hiyo mpaka leo. Maua ya mdanzi, siyo ganda, hutoa mafuta ya thamani zaidi ya yote haya, na Morocco na Tunisia maji ya maua hayo hutiwa kwenye vitafunio.

Kwetu hatukuwa na chupa ndogo za kahawia, lakini mafuta tuliyatumia. Anayesugua samaki kwa nusu ya ndimu pamoja na ganda lake ili kutoa shombo, anayatumia. Anayekausha maganda ya chungwa juu ya bati kisha akayaweka kwenye mkaa jioni mbu wanapoanza kulia, anayatumia. Anayetia kipande cha ganda kwenye birika la chai ya rangi pamoja na tangawizi, vilevile. Na kwenye kujifukiza, lile sufuria chini ya blanketi, majani na maganda ya limau hayakosekani.

Hatua ya kwanza: kupata maganda

Nenda asubuhi au mchana, usingoje jioni. Ganda lililolala juani muda mrefu hupoteza mafuta. Stendi na Soko la Mbuyuni ndiko ninakopata mimi. Arusha, popote penye toroli la machungwa. Mpe kijana mfuko safi mapema, umwombe adondoshee humo badala ya chini, kisha umnunulie machungwa mawili matatu. Ni haki yake.

Omba maganda ya machungwa pekee. Yakichanganyika na ya ndimu, na ukayakamua kwa baridi, utapata mafuta mazuri kwa harufu lakini yasiyofaa kupakwa mwilini ukienda juani, kama nitakavyoeleza chini.

Kwa raundi moja chukua kilo mbili. Yaoshe kwa maji baridi, kwanza kwa vumbi, pili kwa dawa za shambani zinazoweza kuwa zimeganda juu. Usitumie maji ya moto na usiyasugue, maana ukisugua unavunja vifuko vya mafuta na kuyamwaga kwenye karo. Ukiyamenya mwenyewe nyumbani, menya kama kijana wa toroli: utepe mwembamba, weupe ubaki kwenye tunda. Ule weupe hauna mafuta, na unayanyonya yaliyopo.

Hatua ya pili: kuandaa sufuria

Wenye mtambo wa bomba la shaba hupata zaidi, lakini sikushauri uanze nao. Bomba ni gharama, na jirani akiona sufuria lenye bomba uani anaweza kuwaza gongo. Njia ya sufuria na barafu inatosha.

Unahitaji sufuria kubwa la stili lenye mfuniko wa kuba, ule ulioinuka katikati. Unahitaji pia bakuli zito la kauri au kioo, kigae au jiwe safi la kulikalisha, na barafu. Weka jiwe katikati ya sufuria, bakuli juu yake. Katakata maganda vipande vya upana wa kidole, uyapange kulizunguka bakuli, umimine maji mpaka yafikie nusu ya maganda, yasiingie bakulini wala yasilifanye lielee. Kisha geuza mfuniko juu chini, ile kuba ielekee bakuli. Mvuke ukipanda utagusa mfuniko wa baridi, utageuka maji, na maji yatafuata mteremko mpaka kwenye kishikio na kudondoka bakulini. Kabla hujawasha moto, mimina maji kidogo chini ya mfuniko uangalie yanadondokea wapi. Mimi niliwahi kuchemsha saa nzima bakuli likiwa limekaa pembeni kwa vidole viwili tu, nikafunua nikakuta limekauka.

Ukingo wa mfuniko uzibe kwa unga wa ngano uliokandwa na maji, lakini acha upenyo mdogo wa kupumulia. Sufuria iliyozibwa pande zote ni hatari.

Hatua ya tatu: moto

Anza na moto wa kati mpaka usikie maji yanaanza kuchemka, kisha punguza. Hapo jaza barafu kwenye mfuniko uliogeuzwa. Ikiyeyuka, chota maji kwa kikombe uongeze nyingine. Kazi yote iko hapo: chini pawe moto, juu pawe baridi. Mfuniko ukipata joto mvuke utatorokea kwenye upenyo na nyumba itanukia vizuri huku bakuli halina kitu.

Kuna jambo ambalo lilinisumbua kichwa mpaka nikalielewa. Limonini peke yake huchemka kwenye nyuzi 176. Maji ya Moshi mjini, kwa mwinuko wetu, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na ya Arusha kwenye nyuzi 95 hivi. Sasa mafuta yanatokaje? Ni kwamba maji na mafuta hayachanganyiki, kwa hiyo kila kimoja kinasukuma mvuke wake kama vile mwenzake hayupo, na misukumo miwili ikijumlishwa inatosha kuchemka hata kabla maji hayajafikia joto lake la kawaida. Maji yanayabeba mafuta mgongoni. Kwa hiyo usiongeze moto ukidhani mafuta yanahitaji ukali; utaunguza maganda tu, na harufu ya kuungua haitoki tena.

Mafuta mengi hutoka nusu saa ya kwanza. Baada ya dakika 50 zima moto, acha ipoe kabisa ndipo ufunue. Usifunue juu ya mkaa unaowaka, kwa sababu mvuke wa mafuta haya unashika moto. Fanya kazi yote mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali.

Hatua ya nne: kuyatenga

Ndani ya bakuli utakuta maji yenye ukungu na juu yake macho madogo ya mafuta yanayong'aa. Mimina yote kwenye chupa ya kioo nyembamba na ndefu, uiache usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi mafuta yatakuwa yamepanda na kufanya pete juu, kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Yavute kwa bomba la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano yenyewe. Kilo mbili za maganda mabichi zikinipa vijiko viwili vya chai, nashukuru. Siku nyingine ni kimoja.

Maji yaliyobaki usiyamwage. Yana harufu nyepesi. Yaweke kwenye friji na uyamalize ndani ya wiki moja kwenye kupiga pasi au kupangusa meza.

Anayetaka ile harufu halisi ya ganda bichi ajaribu sponji kama Wasicilia: geuza utepe, upande wa kijani ugusane na sponji mpya, kunja na kubana, rudia mpaka sponji ilowe, kisha kamulia kwenye glasi. Mikono itachoka na utapata matone tu, lakini hayo matone yana rangi ya dhahabu na siwezi kuyafananisha na kitu kingine.

Kuyapima uliyonunua

Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Baada ya saa kadhaa mafuta ya kweli yataacha karatasi kavu, au kivuli kidogo cha manjano kama yalikamuliwa kwa baridi. Yakiacha duara la mafuta kama la chapati, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Jaribio la pili: tone kwenye kipande cha foamu nyeupe ngumu ile inayokuja na televisheni. Limonini huiyeyusha, na utaona shimo likichimbika mbele yako. Kwa sababu hiyo hiyo, usiyahifadhi kwenye plastiki wala usiyapangusie kwenye meza yenye vanishi bila kujaribu pembeni.

Kuyatumia

Kwa nyumba ndipo yanapong'ara. Gundi ya lebo kwenye chupa na makopo, bigijii kwenye zulia, lami kwenye kandambili, grisi kwenye vidole vya fundi: tone mbili tatu, subiri dakika tano, futa, osha kwa sabuni. Njia ya sisimizi jikoni yaweza kufutwa kwa matone kumi yaliyokorogwa kwanza kwenye kijiko cha sabuni ya maji, kisha kwenye nusu ndoo ya maji. Hiyo sabuni si ya urembo. Bila sabuni mafuta yataelea juu na kumrukia wa kwanza kuingiza mkono.

Kwa mwili, usipake yakiwa matupu hata siku moja. Chukua mililita 30 za mafuta ya nazi au ufuta, tia matone 6 kama ni ya uso, 12 kama ni ya mwili. Paka kidogo ndani ya kiwiko, ungoje siku nzima. Pakiwasha, si yako.

Kujifukiza, matone mawili kwenye beseni yanatosha, macho yakiwa yamefumbwa. Mwenye pumu aache, na mtoto mdogo asifukizwe. Mjamzito aulize kwanza kliniki. Paka wa nyumbani naye hawezi kuyahimili, hivyo usimpake kumfukuzia viroboto. Na kunywa, hapana, hata tone kwenye maji ya uvuguvugu kama wanavyoshauriana watu. Kuhusu mbu, harufu huwasogeza kwa muda mfupi kisha hupeperuka. Chandarua kibaki pale pale.

Sasa lile la ndugu wa chungwa. Mwaka mmoja nilikamua ndimu kwa baridi, nikajipaka shingoni na mikononi, nikashinda juani nikipalilia mahindi Kahe. Kesho yake ngozi iliwaka kama niliyemwagikiwa uji wa moto, ikatoa malengelenge, kisha ikaacha michirizi ya kahawia iliyonikaa miezi. Mafuta ya ndimu, limau, danzi na balungi yaliyokamuliwa kwa baridi yana kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi. Ukiyapaka, kaa mbali na jua angalau saa 12. Mafuta ya chungwa tamu hayana shida hiyo, na yale yaliyotolewa kwa mvuke nayo huwa salama zaidi kwa sababu kemikali hizo ni nzito, hazipandi na mvuke. Mwambie hivyo pia mtoto anayekamua ndimu nyingi za juisi akiwa uani juani.

Kuyahifadhi

Adui zake ni hewa, mwanga na joto. Tumia chupa ndogo ya kioo cheusi au kahawia, ijae mpaka shingoni, maana chupa nusu tupu imejaa hewa. Ndani ya friji ni bora, mbali na jiko ni lazima. Mafuta yaliyozeeka hugeuka na kuwasha ngozi hata ya mtu ambaye hayajawahi kumdhuru. Utayajua kwa pua: utamu umeondoka, kimebaki kitu kikali kama tapentaini. Hayo sogeza upande wa kufutia gundi na grisi, ukivaa glavu.

Bandika karatasi kwenye chupa uandike tunda, njia uliyotumia na tarehe. Mwaka mmoja ukipita, usiyapake tena. Maganda yaliyochemshwa yasambaze juu ya bati yakauke. Yamebakiza harufu ya kutosha kuwashia mkaa wa jioni.